Kitambaa Nilichoifumia Kompyuta

Ngoja kwanza, mwanangu, usikaze hiyo skrubu. Tangu asubuhi nakuona umetandaza vifaa vyako mezani, bodi huku, feni kule, na moyo wangu umefurahi mno. Mtu anayejiundia kompyuta yake nyumbani namheshimu. Lakini kuna siku moja nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka, acha nikusimulie kabla hujafunga hilo kasha.

Nilikuwa msichana hapa hapa Isevya, Tabora, fundi wa kufuma vitambaa, na nilitaka kompyuta kuliko nilivyotaka mume. Usicheke. Baba yangu, mrina asali wa Kwihara, alipenda kusema kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, na hakuwahi kubeba mzigo aliofungiwa na mtu mwingine. Mzigo ukilegea njiani, anayejua kamba ya kukaza ni yule aliyeufunga. Basi nami nikasema, sitaki kompyuta iliyokwisha fungwa. Nitaifunga mwenyewe.

Vifaa nilinunua kwa Mzee Akbar, Mhindi aliyekuwa na duka la vitu vya umeme mjini. Mzee yule, Mungu amrehemu, alikuwa na subira ya ajabu. Kila niliponunua kipande alinikalisha nyuma ya kaunta, akanionyesha kinavyokaa. "Binti, kikigoma usikilazimishe," aliniambia. "Kitoe, kitazame, ndipo ukirudishe." Duka lenyewe dogo, lakini watu walimfuata hadi kutoka Ulyankulu, maana neno lake lilikuwa moja. Akikwambia kitu ni kizima, ni kizima.

Siku kompyuta yangu ilipowaka nilipiga vigelegele peke yangu chumbani. Kwa furaha nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nikalifunika kasha zima mpaka chini, maana vumbi la Tabora wakati wa kiangazi unalijua. Na nani aliwahi kuacha redio au televisheni uchi sebuleni? Ikapendeza kwelikweli.

Haikumaliza nusu saa, ikazimika. Nikawasha tena, ikazimika tena. Siku tatu hivyo hivyo. Sikufungua, sikutazama, sikuuliza, na kuuliza si ujinga. Niling'oa pawa saplai, kile kifaa cha kuipa kompyuta umeme, nikaichukua pamoja na hasira zangu, nikaenda navyo dukani Jumamosi, watu wamejaa, nikapaza sauti: "Mzee, umeniuzia kitu kibovu! Hapa mnauza feki!"

Hakunijibu vibaya. Alichukua nyingine, akanipa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wiki ile ile nikawasikia akina mama gengeni wakiambiana, "Kwa Akbar siku hizi feki tupu, juzi kuna binti kalalamika pale." Na kompyuta, pamoja na pawa saplai mpya, bado ikawa inazimika.

Ndipo baba akaja mjini na ndoo yake ya asali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku mkono wake umeshatua juu ya kitambaa.

"Marahaba. Hili lina homa. Linapumulia wapi?"

"Baba, hiyo ni kompyuta, siyo mzinga!"

"Najua siyo mzinga. Nakuuliza linapumulia wapi."

Akakivua kile kitambaa taratibu, kama anavyofunua mzinga. Joto likatupiga usoni. Akaniambia kwamba jua likiwa kali nyuki hujipanga mlangoni, wakapepea kwa mabawa ili ndani kupoe, na ukiwazibia mlango, nta itayeyuka na wao watahama. Baba yangu huyo, ambaye hajawahi kugusa kompyuta! Tukaiwasha bila kitambaa. Tukanywa chai, tukala, tukapiga soga, nayo inanguruma tu. Pawa saplai ya kwanza ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mbovu nilikuwa mimi.

Kwa kujichekesha nikamsimulia jinsi nilivyomfokea Mzee Akbar. Baba hakucheka.

"Mbele za watu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi utamsafisha pale pale, mbele za watu. Usimwendee uani."

Jumamosi iliyofuata nikaenda, kitambaa mkononi. Duka limejaa. Nikasema, "Jamani, nisikilizeni. Mimi ndiye niliyesema vitu vya hapa ni feki. Nilimsingizia mzee wa watu. Mashine yangu niliifunika kwa hiki, ikakosa hewa." Walicheka, mwanangu, walicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Akbar alikipokea kitambaa, akakigeuza huku na huku.

"Umekifuma mwenyewe? Kizuri. Niachie."

Akakitandika juu ya kaunta, kikakaa pale miaka yote mpaka alipofariki. Mteja akikisifia na kuuliza kimetoka wapi, nami nimesimama hapo hapo nasubiri aibu yangu itajwe, alijibu hivi: "Nilipewa na fundi mmoja wa kompyuta, yuko Isevya. Ukikwama mfuate." Haongezi neno. Mimi niliyemharibia jina, yeye akanitengenezea langu. Sijaona mtu kama yule.

Kwa hiyo, mwanangu, unda. Kosea, fungua, unda tena, usiogope. Lakini kitu kikizimika, tazama kwanza mkono wako kabla ya kuutazama wa mwenzio. Nyani haoni kundule, na sisi tunaojiundia vitu ndio wagumu zaidi kuamini kwamba kosa ni letu. Na uliyemkosea hadharani usimwombe radhi mafichoni. Hiyo si radhi, ni kujificha.

Mungu aibariki hiyo mikono yako. Akujalie mtu wa kukuuliza linapumulia wapi, na siku utakayokosewa, akupe moyo wa Mzee Akbar. Kitambaa nitakufumia, usiwe na wasiwasi, ila kitakuwa cha kiti. Haya, kaza skrubu yako, uwashe nione.