Jani Lisilokataliwa

Kwetu Meru, ukimkosea mtu unakata jani la isale, unampelekea kwa mikono miwili na kulitaja kosa kwa kinywa chako mwenyewe. Jani hilo halikataliwi. Sijaona aliyelikataa, hata waliochomewa nyumba.

Binti yangu alikuwa kidato cha tano. Miaka hiyo kampuni za simu zilikuwa zinagombania wateja, kifurushi bei ya andazi, naye akasoma kila kilichoingia: asubuhi kahawa ni dawa, jioni kahawa ni sumu. Ukimuuliza, "Wewe unaonaje?" anarudi kwenye simu kutafuta anavyoona. Nilikereka mno. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Wangu alikuwa ameshakunjwa na watu nisiowajua.

Likizo akaenda kukaa na mama yangu, huko juu ya Kikatiti. Akiwa kule akasoma kwamba vidonge vya presha vinaua figo. Akavimwaga chooni vile vya bibi yake, akawa anamnywesha maji ya majani. Mama alimwamini, mjukuu si ndiye msomi? Wiki haikuisha, akaanguka jikoni. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukapooza.

Mama aliporudishwa kutoka hospitali, nikamwambia binti akate isale. Alikata. Alikuwa amelia hadi macho yamevimba, nami namjua, aliumia kweli. Akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi yake. Tukasubiri. Kisha mkono wake mmoja ukaliachia jani, ukaingia mfukoni, ukatoka na simu.

Akasoma: "Bibi mpendwa, naomba radhi kwa maumivu yoyote niliyokusababishia, kwa kujua au kutokujua..." Akasita, akapandisha skrini kwa kidole, akaanza radhi nyingine iliyopambwa zaidi.

"Weka hiyo simu," nikasema. "Sema ulichofanya."

"Mama, sijui nianze na ipi. Ziko nyingi."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya lolote, kwa sababu niliona hakuna litakalosaidia.

Mama yangu akanyoosha mkono wa kushoto, akalipokea jani. Alisema polepole, mate yakimchuruzika.

"Isale nimepokea. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Binti alikuwa palepale, magoti yake yakigusa miguu ya bibi. Akanitazama mimi, kisha akaitazama simu.