Miche Kumi na Mmoja ya Mkomamanga

Mudi alipokuja na kigari cha kirikuu kumhamishia mama yake Morogoro, Yeremia ndiye aliyefunga magodoro kwa kamba. Kwa miaka thelathini yeye na Bi Joha, ambaye mtaa mzima wa Kimamba ulimwita Mama Mudi, walikuwa wakisalimiana kila asubuhi juu ya ua wa michongoma. Yeremia alikuwa mgane asiye na mtoto. Jirani yake alikuwa mtu wa swala tano na maneno mengi. Gari lilipoondoka, Yeremia alirudi ndani, akagundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipokunywa uji bila mtu wa kumuuliza umeivaje.

Haikupita wiki, aliyenunua kiwanja akaleta mafundi. Yeremia alisikia panga likigonga, akatoka. Walikuwa wanauangusha mkomamanga wa Mama Mudi ili wachimbe msingi. Aliwaomba matawi, wakampa wakicheka. Kazi hiyo aliijua vizuri, maana alizeekea kwenye kitalu cha shamba moja la mkonge. Alikata vijiti vya urefu wa shubiri, akavichomeka kwenye viriba thelathini vya plastiki vyenye udongo, akavipanga chini ya kibanda cha makuti. Baada ya siku arobaini, kumi na tisa vilikuwa na majani.

Ndipo Mudi akapiga simu. Jumamosi mama angepita Kimamba akielekea harusini Kilosa mjini, naye alitaka kumwona jirani. Yeremia aliitazama miche yake, akaiona imerefuka na kupauka kama kitu kilichofichwa. Alitaka Mama Mudi aikute imesimama wima, ya kijani, mbele ya nyumba.

Alhamisi asubuhi akaitoa yote kumi na tisa, akaiweka peupe. Aliazimia kuirudisha kivulini kabla ya saa nne. Siku hiyo alikuwa na kliniki ya presha, na foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi saa tisa, majani yalikuwa yamebabuka kama karatasi iliyopitiwa na moto, mengine yamejikunja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amewafundisha vibarua wangapi kwamba mche uliolelewa kivulini hutolewa juani kidogo kidogo? Hakukuwa na mtu wa kumlaumu, wala wa kumpa pole.

Jumamosi alifagia uwanja, akanunua soda mbili. Adhuhuri ilipita, alasiri ikapita. Jioni Mudi alieleza kwa simu kwamba mguu wa mama ulivimba, hawakusafiri. Yeremia alisema hakuna neno. Soda moja aliinywa, nyingine akaiacha.

Jumatatu alikwangua maganda ya vijiti kwa kucha. Kumi na kimoja bado vilikuwa vya kijani ndani. Akaanza upya. Siku ya kwanza aliitoa miche kwa muda wa kunywa uji tu, akairudisha. Kesho yake akaongeza kidogo. Alisimama karibu nayo kwa sababu ya kuku, ndivyo alivyojiambia, lakini hata kuku walipokwenda zao alibaki pale pale. Wiki ya nne miche ilikuwa inashinda juani kutwa, na majani mapya yalikuwa mafupi, magumu, yanang'aa.

Ijumaa moja, baada ya swala, Mama Mudi mwenyewe akapiga.

"Jirani, mkomamanga wangu umezaa mwaka huu?"

Yeremia angeweza kusema umezaa.

"Waliukata, Mama Mudi. Wiki ileile uliyoondoka."

Aligeuka kuitazama miche mbele ya nyumba.

"Lakini ninayo miche yake kumi na mmoja," akaongeza. "Mmoja nitakuletea."

"Huku tuko ghorofani, jirani. Nitaupanda wapi?" Akavuta pumzi. "Panda wewe. Upande wako wa ua."

Alipanda mitatu, mingine akaigawa kwa watu wa kijiji cha Tindiga waliokuja kuuza mpunga. Jirani mpya humwamkia shikamoo akiwa tayari anawasha pikipiki, na marahaba ya Yeremia humkuta ameshafika barabarani. Mama Mudi alipiga kila Ijumaa kwa miezi kadhaa, kisha Ijumaa zikaanza kurukwa. Siku hizi Yeremia ndiye hupiga. Mara nyingi hupokea Mudi, akasema mama amelala, naye huomba asalimiwe, aambiwe kwamba mmoja umetoa maua.