Bei Moja ya Papa

Kila ninapofungua furushi jipya la vitenge, ile harufu ya rangi na wanga ikinipanda puani, nakasirika kidogo kabla sijafurahi. Mnisamehe. Ni hasira ya zamani, na aliyeileta ni baba yangu.

Papa alikuwa na duka la vitenge sokoni Butembo, mashariki mwa Kongo, chumba chembamba ambamo wateja wawili wanene wakiingia, wa tatu anangoja nje. Mimi Masika, mtoto wake wa kwanza, nilikulia chini ya meza ya kukatia, na kabla sijajua kuzidisha nilijua kupatana bei. Kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Unaitaja juu, mteja anacheka, anakutukana kwa heshima, anajifanya kuondoka, unamwita, mnakutana katikati, kila mtu anakwenda kwake akijiona mjanja. Kutaja bei ya kweli mara moja ni kama kumpa mgeni chakula kabla hajanawa mikono.

Kisha Papa akaenda Beni, kwenye semina ya kanisa. Alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na neno moja kifuani: ndiyo yenu iwe ndiyo. Wengine walilisikia neno hilohilo, wakapiga makofi, wakarudi kuuza kama jana. Papa akalileta dukani. Kuanzia Jumatatu ile, akasema, bei atakayoitaja ndiyo bei. Kupandisha ili ushushe ni uongo tu, hata ukiusema ukicheka.

Nilidhani atachoka. Waliochoka ni wateja. Aliwatajia bei ambayo kwa jirani wangeifikia kwa jasho, wakaikataa kwa sababu haikushuka. Wengine walisema anaumwa, wengine walisema amepata kiburi. Mama mmoja wa kijiji cha Masereka, mteja wake wa siku nyingi, alimsihi aipandishe kwanza ili apate cha kumshushia. Papa akamhubiria. Yule mama akaondoka na viazi alivyokuwa amemletea zawadi.

Mwenye nyumba alikuwa amesema wazi: Noeli ikipita, kodi au ufunguo. Tumaini letu lote likabaki kwa korali ya akina mama wa kanisa letu. Walitafuta kitenge cha sare ya Noeli, kimoja kwa korali nzima, na mauzo hayo peke yake yangeliokoa duka.

Walikuja asubuhi ambayo Papa alikuwa kwenye msiba mtaani kwetu. Dukani tulikuwa Mama na mimi, na moyo wangu ukaruka. Mama hakuwa amekwenda Beni. Mama hakuwa ameahidi lolote. Tena yeye ndiye aliyenifundisha kupatana.

Prezida wa korali alikishika kitenge cha buluu, akakikunja, akakinusa, akauliza bei. Mama akataja ileile ya Papa.

"Mais, Mama Masika, si tuko batu ba kanisa moja? Utupunguzie basi. Tutakuombea."

"Ile ndiyo bei, mama. Hakuna kitu ya kupunguza mule."

"Hata kidogo? Donc tunaenda."

"Mutembee muzuri."

Nilimvuta Mama kitenge chake chini ya meza, nikamnong'oneza awaite waanze upya, na juu. Alinikanyaga mguu, polepole, mpaka nikanyamaza.

Walinunua kwa jirani. Aliwatajia bei ya mawinguni, wakaishusha kwa shangwe, na pale walipoishia palikuwa juu kuliko pale tulipoanzia sisi. Nilihesabu, nikahesabu tena. Siku ya Noeli wakaimba juu ya kuacha yote na kumfuata Bwana, wamevaa buluu ya jirani, nami nikatamani kuwatupia kitabu cha nyimbo.

Duka likafungwa. Papa akaenda kulima mashamba ya watu, Mama akaanza kukaanga mandazi kando ya barabara. Kanisani walimsimamisha Papa mbele, mfano wa mtu aliyekubali gharama ya kumfuata Yesu, na makofi yakapigwa. Mama hakuwepo. Alikuwa nyumbani anakanda unga.

Miaka mingi nilimdai Papa duka lile moyoni. Mwaka jana ndipo nilipomuuliza Mama kwa nini siku ile hakutaja bei nyingine. Papa asingejua. Mama alikuwa anachambua maharage, na hakuinua macho.

"Papa yako aliitwa kule ku semina, batu bote banaangalia," akasema. "Mimi niliitwa mule mu duka, na weye ukinivuta kitenge."

Bado inanikera, nawaambia ukweli. Korali inanikera, jirani ananikera, hata viazi vya Masereka vinanikera. Lakini sasa najua kwamba duka lile lilikuwa na wanafunzi wawili wa Yesu. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, nilikuwa nimemhesabu mmoja tu, na siku ile hata hakuwemo ndani.