Risiti ya Khanga ya Mama

Kwetu Tanga mwanamke hatoki bila khanga kwenye mkoba. Mvua, msiba, gauni kuchanika, huwezi kujua. Durban imenibadilisha mengi, hilo bado. Tena khanga yenyewe ilikuwa ya mama. Aliivaa sikukuu moja tu, akairudisha sandukuni kwenye udi wake, na baada ya mazishi nikaichukua. Sikuifua hata mara moja. Nikizidiwa na upweke nazika pua humo, na mama yupo, na udi wake na jasho la shingo yake. Sikuwa na kingine chenye harufu ile.

Kwa kuwa haikuguswa na maji, ilikuwa bado na wanga, ngumu kama ya dukani. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Niliingia duka la vitambaa mjini kutafuta uzi, nikaukosa. Wanawake wawili wa Kizungu walinitangulia kutoka na mikoba mikubwa kama ya safari. Mlinzi akawafungulia mlango, akawatakia siku njema. Nilipofika mimi, naongea Kiswahili kwenye simu, akaudaka mkoba wangu. "Fungua. Nyinyi wageni tunawajua." Akaichomoa khanga, akaipeperusha mbele ya watu. Meneja akaja. Nikamwambia ni ya mama yangu. Akasema, "Lete risiti."

Risiti! Jamani, ya khanga aliyoinunua marehemu Tanga, miaka ile? Nilimpasha, sikumbakizia. Lakini khanga ikabaki kwao, mimi nikatolewa nje kama mwizi wa kuku. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, ya kijani ikawaka, watu wakavuka, mimi nimesimama tu nalia.

Jirani yangu Mrundi ndiye aliyenishika mkono. "Dada, nyamaza. Iko avocat mmoja hapa Umbilo, anasaidiaka watu bure."

Mwanasheria huyo, mama wa makamo, alinieleza taratibu. Mlinzi hana ruhusa ya kunipekua bila ridhaa yangu. Akinishuku, aite polisi, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, faraghani. Kuniita mwizi hadharani bila ushahidi ni kunivunjia utu, na naweza kudai fidia. Nikamwambia, "Mama, fidia baadaye. Nataka khanga yangu, kabla harufu haijaisha." Akacheka kidogo, akadhani natania.

Alipodai picha za kamera, wenyewe wakaona: nimeingia na pindo la khanga limechomoza mkobani, nimetoka nalo. Wakatuita. Meneja alisimama, akaomba radhi mbele ya wafanyakazi wake wote, eish, hadi mlinzi akainamisha kichwa. Kisha akanikabidhi khanga kwa mikono miwili, imepigwa pasi, imo ndani ya nailoni.

"Tumekufulia," akasema, anatabasamu.

Nikaichana nailoni, nikaingiza pua. Sabuni. Nikageuza upande wa pili, nikatafuta kwenye pindo. Sabuni tupu. Machozi yakanitoka, na meneja, maskini, akadhani nimefurahi, akaniletea kiti.