Zebaki Ndani ya Mashine

Ninauza vifaa vya kupimia umeme, vipya na vilivyotumika, katika duka dogo hapa Gisenyi. Wateja wangu wengi ni mafundi wanaovuka kutoka Goma. Mwaka juzi mmoja wao alichagua mashine nzito ya zamani, ile ambayo mafundi huitumia kuhakiki kama mita nyingine zinasema kweli.

"Mama, hii iko muzuri sana," alisema. "Mi nabeba leo."

Hakuweza. Mpakani walitaka karatasi ya mazingira: kifaa kilichotumika lazima kwanza kifunguliwe na mkaguzi. Nilinung'unika. Mashine ilipima sawasawa, mazingira yaliingiaje hapo?

Mkaguzi alikuja dukani kesho yake asubuhi, dada mpole mwenye glavu mfukoni. Fundi akalegeza skrubu, akanyanyua kifuniko. Chini, kati ya nyaya, vitone vya rangi ya fedha viliteleza huku na huku.

"Msiguse," dada alisema. "Ni zebaki. Swichi ya kioo imepasuka. Mvuke wake ni sumu."

Wiki iliyotangulia binti yangu wa mwisho, mwenye miaka minane, alikuwa amenionyesha kizibo cha soda chenye shanga zinazokimbia. Alizikuta kwenye meza ya nyumbani, nilikoiweka mashine ile kabla ya kuileta dukani. Nami nilimwambia ni nzuri.

"Dada," nikasema, "zebaki nyingine iko nyumbani. Mtoto wangu anaichezea."

Tulichukua pikipiki mbili hadi Nengo, mtaa ninakoishi. Kizibo tulikikuta chini ya mto anaolalia mtoto. Dada alikitia kwenye chupa akaifunga, akafungua madirisha yote, akazoa kwa karatasi ngumu vitone vilivyobaki mezani. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Aliuchukua taratibu kutoka mkononi mwangu.

"Ukifagia, unaitawanya, mama."

Hospitalini walipima mkojo wa mtoto. Siku zote za kungoja majibu sikufungua duka. Majibu yalipotoka, zebaki ilikuwa imepanda kidogo, si kiasi cha kuhitaji dawa. Walipompima tena baada ya wiki kadhaa, ilikuwa imeshuka. Mtoto aliniuliza kwa nini nilimruhusu. Nilimjibu kwamba nilikosea, kwamba sikujua. Alinitazama kama mtu aliyesikia jambo lisilowezekana.

Mashine yenyewe ilipelekwa kwa watu wanaoshughulikia taka za vifaa vya umeme.

Fundi alirudi mwezi uliofuata. "Bon, Mama, iko ingine?"

Ilikuwepo. Tuliifungua uani mbele ya mkaguzi kabla hatujazungumza biashara. Ndani mlikuwa na vumbi tu. Hata hivyo ilibidi nikae chini kwanza, ndipo nimwambie aichukue.