Kigingi cha Uani kwa Mama Khairunnisa

Mume wangu Kioko ni mpimaji wa ardhi, na mimi Rispah nasema wazi: uaminifu wake utanitoa roho.

Jirani yetu hapa Makadara, Mama Khairunnisa, alikuwa akigombania mpaka na Nuruddin wa nyumba ya nyuma. Nuruddin ataka kujenga ukuta. Mama aogopa utamkatia jiko lake la uani, anamopikia sambusa za kuuza. Wakakubaliana Kioko apime, kwa kuwa si ndugu wa yeyote.

Basi akaja na kile chombo chake kinachosoma setilaiti. Loo! Kipimo cha kwanza, mpaka umepita katikati ya jiko. Cha pili, umeruka hadi kwa Nuruddin. Na chombo ni kizima, jana tu kilipima Makupa bila tatizo. Kioko akasimamisha kazi.

"Kuna dhoruba ya jua," akasema. "Jua limerusha chembe zake, hewa ya juu kabisa imevurugika, mawimbi ya setilaiti yanafika yamepotoka. Siku kama hizi hata wanaanga huambiwa wajifiche penye kuta nene. Nitapima litakapotulia."

"Jua si lile pale?" Nuruddin akacheka. "Mbona halina neno?"

Mama Khairunnisa hakucheka. Alikuwa amesimama pale kilipoangukia kipimo cha pili. "Kioko mwanangu, piga kigingi hapa hapa. Tafadhali."

Angepiga tu! Nani angejua? Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma. Wapi! Akafunganya vifaa vyake.

Jua lilipotulia akarudi. Akapima, akarudia, akarudia tena. Vipimo vyote vikakaa mahali pamoja, ndani ya jiko. Akapiga kigingi, na meko ya mama yakabaki upande wa Nuruddin.

"Ulisingizia jua, kumbe mlitaka jiko langu," mama akasema. "Nuruddin amekupa kiasi gani?"

Kwa heshima ya umri wa mama, nikamshika Kioko mkono tukaondoka.

Jioni nikampelekea mama bakuli la muthokoi, mahindi na maharage ya kwetu Ukambani, chakula akipendacho sana. Miaka yote ya ujirani wetu bakuli langu halijarudi tupu: kama si sambusa, ni mbaazi, akikosa kabisa, hata ndimu mbili. Huku pwani chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

Asubuhi nimelikuta mlangoni. Limeoshwa likatakata, na ndani hamna hata ndimu.