Lori Lililokataliwa kwa Kukosa Moshi

Habari ilitukuta sokoni Baraka samaki hawajapangwa: dereva wetu wa njia ya Fizi amefariki, kifua kimemshinda. Nililia, wasomaji wangu, kisha nikacheka, na aliyemjua marehemu hatanilaumu. Siku ile lori lake lilipofika likiwa jipya, lilikuwa na chujio ndani ya bomba la moshi, la kunasa masizi ya mazutu, yaani dizeli. Marehemu akavua shati lake jeupe la kanisani, akaziba nalo bomba, akaamuru injini ikanyagwe. "Muone! Iko nyeupe bado!" Wauza samaki wa Kazimia hawakuinua hata kikapu. "Papa," mama mmoja akamwambia, "camion yenye haitoe moshi haina nguvu. Itatuacha ku mulima." Loo! Lori likawa linapanda tupu na kushuka tupu, huku lori bovu la mwenzake, lililofunika kijiji kizima kwa weusi, likijaa mpaka mbuzi juu. Nyumbani kwa marehemu wakaanza kulalia uji.

Mwishowe fundi, kwa amri yake, akalikata lile chujio. Taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Marehemu akaibandika plasta. Moshi ukafoka, akina mama wakapiga vigelegele, mizigo ikajaa. Afisa wa ukaguzi wa Leta, yaani serikali, alipokuja na kipima-moshi chake, akaingiza mpira kwenye bomba, kipimo kikalia mara moja kikazima. "Mumeona?" marehemu akapaza sauti huku akikohoa. "Mashini ya Leta imeshindwa na gari yangu!" Tukampigia makofi. Ndivyo tulivyo: mhubiri asiyepiga kelele hana upako, mkubwa asiyefokea watu hana cheo, na gari lisilofuka halina nguvu.

Lori hilohilo lilimpeleka makaburini. Tulifuata nyuma yake tukitokwa machozi, hata wadai wake, na mchungaji alihama upande mara mbili akiukimbia upepo. Baada ya udongo, mjane alimwendea fundi, ambaye amelifanya lile chujio kigoda chake gereji. "Simama ku ile kiti yako, uisafishe, uirudishe ku gari."

"Mama, bateja batakimbia."

"Bakimbie. Njo mi nimebakia mujane, hapana bo bateja."

Lori litapanda Fizi bila moshi, na mjane ana watoto wa kulisha. Tukiliacha tupu tena, basi siku ya kumzika dereva mwingine tusithubutu kusema kazi ya Mungu haina makosa.